Kuridhiana na Kukosea Katika Mikataba: Lini Mauziano Yanasimama na Lini Yanavunjika



Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara ni yale ya watu waliouziana kitu kwa nia njema, kisha ikadhihirika kuwa mmoja wao, au wote wawili, walikuwa wamekosea. Aliyeuza mikarafuu anaambiwa kuwa ameuza na ardhi yake. Aliyenunua pete ya dhahabu anaambiwa na sonara mwengine kuwa ni shaba iliyopakwa rangi. Aliyelipa deni la marehemu baba yake anakuta hati inayoonesha kuwa baba alishalilipa zamani. Huenda hakuna hata mmoja aliyekusudia dhulma, lakini mali imeshatoka mkononi na udugu umeanza kuingia ufa.

Katika makala hii tunaeleza hukumu za mambo haya kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwani, na tutataja madhehebu mengine inapobidi. Tutaonesha pia sheria ya nchi inasemaje, kwa sababu watu wakishindwa kupatana huko ndiko wanakofika.

MSINGI NI KURIDHIANA

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, Allah (S.W.) amewakataza waumini kuliana mali zao kwa njia ya batili, na akavua biashara inayofanyika kwa kuridhiana wenyewe kwa wenyewe. Na katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa uuzaji hauwi ila kwa maridhiano. Kwa hivyo ridhaa ndiyo inayoifanya mali ya mtu kuwa halali kwa mwengine.

Lakini ridhaa imo moyoni, na moyo hauonekani. Kwa sababu hiyo wanavyuoni wameweka alama yake ya dhahiri, nayo ni tamko: ijabu ya muuzaji ("nimekuuzia") na kabuli ya mnunuzi ("nimekubali"). Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kuwa lazima tamko lipatikane. Hata hivyo Imam Nawawi alichagua kauli ya kuwa kupeana bila ya kutamka kunasihi katika yale ambayo watu kwa ada yao wanayahesabu kuwa ni mauziano. Hii ndiyo hali ya dukani na sokoni kila siku: unaweka pesa, unachukua mkate, unaondoka.

Ikiwa tamko ni alama ya ridhaa, basi swali linakuja: vipi ikiwa alama ipo na ridhaa yenyewe imeelekea kwengine?

WAKUBALIANE JUU YA KITU KIMOJA

Sharti la mwanzo ni kuwa kabuli iafikiane na ijabu. Zaid akisema "nimekuuzia baiskeli hii kwa laki mbili" na Amru akajibu "nimekubali kwa laki na nusu", hapo hapana mkataba. Hayo yako wazi. Tabu inakuja pale maneno yanapofanana na makusudio yakatafautiana.

Sheria za mikataba zinazotumika kwetu zinalijua jambo hili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara (Sura ya 345) na ile ya Zanzibar (Sura ya 149) zote zimechukua sura ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kwa mujibu wa kifungu cha 13 cha sheria ya Bara, watu wanahesabika wamekubaliana pale wanapoafiki kitu kile kile kwa maana ile ile.

Kesi inayosomeshwa sana katika mlango huu ni ya Uingereza, ya mwaka 1864, baina ya Raffles na Wichelhaus. Mmoja alimuuzia mwenzake pamba itakayofika kutoka Bombay kwa meli iitwayo Peerless. Kumbe zilikuwepo meli mbili zenye jina hilo hilo, zote zinatoka Bombay, moja iliondoka Oktoba na nyengine Disemba. Mnunuzi alisema amekusudia ya Oktoba, na muuzaji akaleta pamba ya Disemba. Mahkama ilimpa haki mnunuzi: hakulazimika kuipokea pamba hiyo.

Mafakihi wetu walilizingatia hili kabla ya hapo kwa kushurutisha kuwa kinachouzwa kiainishwe na kijulikane na pande zote mbili: kitu chenyewe, kiasi chake na sifa zake. Kisichojulikana kina gharari, na Mtume (S.A.W.) amekataza uuzaji wa gharari katika hadithi aliyoipokea Muslim. Sharti la kuainisha liko hata katika ndoa. Walii mwenye mabinti wawili hatakiwi kusema tu "nimekuozesha binti yangu" bila ya kujulikana ni yupi.

MIKARAFUU NA ARDHI YAKE

Tuchukue mfano ulio karibu na sisi. Visiwani kwetu ni jambo la kawaida miti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwengine. Mzee anaweza kumiliki minazi kumi katika shamba la ndugu yake, na watoto wakairithi minazi hiyo peke yake. Kwa hivyo mtu akisema "nimeuza shamba" au "nimeuza mikarafuu yangu ya bondeni", kila msikilizaji huenda akafahamu lake.

Hukumu katika madhehebu ya Shafi ni hii. Aliyeuza ardhi kwa tamko la kuachia bila ya kutaja miti, basi miti na majengo yaliyomo yanaingia katika mauzo. Ama aliyeuza mti, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa pahala uliposimama mti hapaingii katika mauzo. Mnunuzi ana haki ya kuuacha mti wake hapo na kunufaika napo muda wote mti utakapokuwepo, lakini ardhi inabaki kwa mwenyewe. Mti ukifa au ukin'goka, haki hiyo inamalizika.

Na matunda yana hukumu yake. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyeuza mitende iliyokwisha kupandikizwa uchavushaji wake, matunda ya msimu huo ni ya muuzaji, ila mnunuzi akishurutisha kuwa yawe yake.

Kwa hivyo wawili waliouziana "mikarafuu" wakigombana baadae kuhusu ardhi, hukumu inaanzia kwenye tamko walilotumia na ada ya watu wa pale, si katika jambo ambalo mmoja wao alilificha moyoni. Ndio maana tunasisitiza kuwa hati iseme waziwazi: miti peke yake, au miti na ardhi, na msimu huu ni wa nani.

MAKOSA SI YA DARAJA MOJA

Anayetaka kujua kama mkataba wake umevunjika kwa kosa, kwanza aangalie kosa lake ni la aina gani. Tunayapanga katika daraja tano.

1. Kitu chenyewe hakipo. Zaid amemuuzia Amru dau lililofungwa bandarini, na wote wawili hawajui kuwa dau hilo lilizama usiku wa jana. Mauzo haya ni batili tangu asili, kwani kuwepo kwa kinachouzwa na uwezo wa kukikabidhi ni katika masharti. Pesa zinarudi zote.

2. Kitu ni cha jinsi nyengine. Pete imeuzwa kwa tamko la kuwa ni dhahabu, ikadhihirika ni shaba. Majalla, ambayo ni mkusanyiko wa hukumu za kiraia uliotungwa na wanavyuoni wa dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, inasema katika kifungu cha 208 kuwa jinsi ikitajwa na ikadhihirika ni nyengine, mauzo ni batili, na inatoa mfano wa kioo kilichouzwa kuwa ni almasi. Mafakihi wa Kishafi nao wana mfano wa anayesema "nimekuuzia farasi huyu" kumbe ni nyumbu, na kauli yenye nguvu kwao ni kuwa mauzo hayasihi.

3. Jinsi ni ile ile, lakini sifa iliyoshurutishwa haipo, au kina aibu. Ng'ombe ameuzwa kwa sharti kuwa ana mimba, akawa hana. Mashine ya boti imeuzwa, ikadhihirika ina ufa uliokuwepo kabla ya kukabidhiwa. Hapa mauzo yamesihi, lakini mnunuzi ana khiyari: akitaka atabaki nacho, na akitaka atakirudisha na kuchukua pesa zake. Haijalishi kuwa muuzaji mwenyewe hakuijua aibu hiyo. Kutojua kunamuondolea dhambi, hakumuondolei wajibu wa kupokea kitu chake.

4. Mnunuzi amejidhania mwenyewe. Muuzaji hakusema kuwa ni johari, wala hakufanya hila yoyote. Mnunuzi ameona kitu kinang'ara, akadhani ni johari, akakinunua bila ya kuuliza, kumbe ni kioo. Katika madhehebu yetu mauzo yamesihi na hana khiyari, kwani yeye ndiye aliyefanya uzembe kwa kutouliza. Sheria ya nchi inakaribiana na hukumu hii: kifungu cha 22 cha sheria ya Bara kinasema mkataba hauvunjiki kwa sababu tu ya upande mmoja kuwa katika kosa, na kifungu cha 20 kinaubatilisha pale pande zote mbili zinapokuwa zimekosea juu ya jambo la msingi la mkataba.

5. Kukosea thamani. Amru amenunua kiwanja kwa milioni 20, kisha akajua kuwa jirani yake amenunua mfano wake kwa milioni 12. Hili peke yake halivunji mauzo. Fiqhi ya Kishafi inasema kughibiwa bei bila ya udanganyifu hakuleti khiyari, na sheria ya nchi inasema kukosea thamani hakuhesabiki kuwa ni kukosea jambo la hakika. Wanavyuoni wa Hanbali wamempa khiyari mtu asiyejua bei wala kubishana, aliyemuamini muuzaji akapunjwa kupita kiasi. Na Mtume (S.A.W.) alimuelekeza mtu aliyekuwa akighibiwa katika biashara aseme anapouziana kuwa pasiwe na ulaghai, na katika baadhi ya mapokezi akapewa khiyari ya siku tatu.

KOSA NA UDANGANYIFU NI MBALIMBALI

Yote tuliyoyataja ni pale ambapo hapana aliyeficha kitu. Muuzaji akijua na akanyamaza, hilo si kosa tena, ni ghushi. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipita kwenye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikagusa umajimaji. Mwenyewe akasema kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Tukizingatie kisa hiki: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake ni kuwa palilowa pakawekwa chini, pakavu pakawekwa juu.

Na mnunuzi naye ana wajibu wake. Mwenye duka akiteleza ulimi akasema elfu arubaini na tano badala ya laki nne na nusu, na hali inaonesha wazi kuwa ameteleza, mnunuzi anayejua hayo na akakimbilia kulipa haraka asijidanganye kuwa amepata bahati. Aliyeteleza ulimi hakukusudia maana ya alichokitamka, na pasipo kusudio hapana ridhaa. Ila muuzaji anayedai ameteleza anahitaji dalili ya hali inayomsadikisha, la sivyo kila anayejutia bei yake angedai hivyo.

DHANA ILIYODHIHIRIKA KOSA LAKE

Mafakihi wana kanuni kuwa dhana iliyodhihirika wazi kuwa ni kosa haizingatiwi. Kwa kanuni hii, aliyelipa deni akidhani analo, kisha ikathibiti kuwa halikuwepo, anarudishiwa alichotoa. Vivyo hivyo pesa zilizotumwa kwa simu kwenye nambari isiyokusudiwa. Aliyezipokea hakupewa zawadi, wala si riziki iliyoanguka kutoka mbinguni. Ni mali ya mtu iliyo mikononi mwake, na ni wajibu airudishe. Sheria ya mikataba nayo inamtaka aliyelipwa kimakosa arudishe.

Kanuni hiyo inafanya kazi upande wa pili pia. Mtu ameuza mali ya baba yake akidhani baba yu hai na kuwa yeye anaingilia tu kisicho chake. Kumbe baba alishafariki safarini, na mali imeshakuwa ya mtoto huyo kwa mirathi. Imam Nawawi anasema kauli yenye nguvu ni kuwa mauzo yamesihi, kwani katika mikataba huangaliwa hakika ya jambo lilivyo, si dhana ya mtu. Lakini tunatahadharisha: hilo ni kwa fungu lake tu. Akiwa ana ndugu na mama, hawezi kuuza mafungu yao bila ya idhini yao, na mauzo mengi ya mashamba ya mirathi yanagombaniwa kwa sababu mnunuzi alidhani muuzaji ni mmiliki wa peke yake.

CHUNGU CHA DHAHABU

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kisa alichokisimulia Mtume (S.A.W.) kuhusu watu wawili wa umma zilizotangulia. Mmoja alinunua ardhi kwa mwenzake, akakuta ndani yake chungu chenye dhahabu. Akaenda kwa muuzaji kumrudishia, akimwambia kuwa yeye amenunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji naye akakataa, akisema kuwa ameuza ardhi na kila kilichomo. Wakahukumiana kwa mtu, naye akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana na mwengine msichana. Akahukumu waozeshwe, na katika dhahabu hiyo watumie na watoe sadaka.

Tazama jinsi mgogoro ulivyo. Wote wawili waliuziana bila ya kujua kilichozikwa ardhini. Mnunuzi aliutizama mkataba kwa kile kilichotajwa, na muuzaji aliutizama kwa upana wake. Hiyo ndiyo hasa khitilafu tunayoikuta leo katika mashamba yetu, ila wao kila mmoja aliogopa kula kisicho chake, na sisi kila mmoja anaogopa kupitwa.

KOSA LIKIDHIHIRIKA, TUFANYE NINI?

Kwanza, usikitumie tena kitu hicho. Katika madhehebu yetu kurudisha kwa aibu ni kwa haraka, kwa kadiri ya ada. Mwenye kuijua aibu kisha akaendelea kuipanda pikipiki hiyo wiki nzima, ameonesha kuridhika nayo na haki yake imeondoka.

Pili, mjulishe mwenzako mara moja na uweke mashahidi. Ikiwa kitu kimepata aibu mpya mikononi mwako, huwezi kumlazimisha akipokee hivyo hivyo. Hapo huangaliwa fidia ya upungufu, au mkubaliane.

Tatu, mkikhitilafiana kuhusu bei au kilichouzwa, na hakuna mwenye ushahidi, hukumu ya Kishafi ni kuwa kila mmoja ale kiapo cha kukanusha dai la mwenzake na kuthibitisha lake. Wakishaapa wote na wasipatane, mauzo yanavunjwa na kila mtu anarudishiwa chake.

Nne, jueni pa kwenda. Mahkama ya Kadhi Zanzibar, chini ya sheria yake ya mwaka 2017, inashughulikia mambo kama ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Mgogoro wa mauziano kwa kawaida unakwenda mahkama nyengine za nchi, na wa ardhi unakwenda mahkama ya ardhi. Masheikh na wazee wa mtaa wanaweza kusuluhisha popote, na sulhu iandikwe.

KABLA YA KUPEANA MIKONO

Kinga ni bora. Kiangalieni kitu kwa macho, kwani katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu kuuza kitu mahsusi ambacho hakijaonekana hakusihi, na picha ya simu haioneshi kila kitu. Ulizeni, na majibu yaandikwe: aina, kiasi, mipaka, aibu zinazojulikana. Katika shamba, nendeni pamoja na majirani wa mipaka na sheha, na muulize warithi wote, wakiwemo akina mama na dada walioolewa mbali. Mkiwa na shaka, shurutishaneni khiyari isiyozidi siku tatu, isipokuwa katika dhahabu na fedha, ambazo hukabidhiana papo hapo bila ya khiyari hiyo. Na maadamu hamjaachana pale mlipouziana, kila mmoja wenu ana haki ya kurejea. Hiyo ndiyo khiyari ya kikao, iliyothibiti katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) kwa Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake imo pia kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa.

Mwisho tunawakumbusha ndugu zetu jambo ambalo mahkama haiwezi kumlazimisha mtu. Hata pale sheria inapokupa haki ya kubaki na mauzo, mwenzako akiwa amekosea kweli na anajuta, unaweza kumsamehe mkauvunja mkataba kwa hiari. Hii inaitwa iqala, na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) ameahidi kuwa anayemuachilia Mwislamu mauziano yake, Allah atamsamehe kuteleza kwake. Kiwanja kitapatikana chengine. Ndugu aliyekwenda nyumbani kwake akijihisi ameliwa, kumrudisha ni kazi.

Wallahu a'lam.